Injini ya mashine ya nyasi inazimikazimika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu injini ndogo za petroli zenye silinda moja: za mashine za kukata nyasi za kusukuma, za kufyekea za begani, za pampu za maji na za vipulizia majani. Shida inayozungumziwa ni moja: injini inawaka, inakwenda, halafu inazimika. Ile isiyowaka kabisa ina mambo yake, ingawa sababu nyingi zinafanana.

Nianze kukagua nini?

Anza kwa kuisikiliza kabla hujashika spana. Wengi hukimbilia kununua plagi mpya, au kabureta nzima (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na mashine inaendelea kuzimika vilevile kwa sababu kilichoziba ni kifuniko cha tangi. Inasikitisha, maana injini ilikuwa imeshaeleza shida yake.

Sikiliza kwanza namna inavyokufa. Injini inayokosa mafuta haikatiki ghafla. Mlio unalegea, inakohoa, nguvu zinaisha, na pengine inapanda kidogo kabla ya kunyamaza. Inayokosa cheche hukatika papo hapo, kama vile umezima swichi. Tofauti hiyo peke yake inakuambia uende upande wa tangi na kabureta au upande wa plagi, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) na waya wa kuzimia.

Pili, jaribu choki, yaani kile kifuniko kinachopunguza hewa inayoingia kwenye kabureta. Injini ikianza kulegea, vuta choki hadi nusu. Ikifufuka, hata kwa sekunde chache, ilikuwa inapata mafuta kidogo kuliko hewa: kuna mahali pameziba, au kuna hewa inayoingia pasipostahili. Ikizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, mafuta yamezidi hewa, na wa kushukiwa kwanza ni filta ya hewa, kisha choki isiyofunguka yote, kisha kabureta inayofurika.

Tatu ni wakati inapozimika: ikiwa bado ya baridi, ikishapata moto, ukiingia kwenye majani mazito, au ukiwa kwenye mteremko. Maswali yanayofuata yamepangwa kwa kufuata hayo.

Kuna la kuangalia kabla ya kuweka mikono?

Ndiyo, na halina mjadala. Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi kabla ya kugusa kisu au kupindua mashine. Kisu kikizungushwa kwa mkono huzungusha injini, na injini yenye cheche na mafuta inaweza kushtuka ikawaka. Subiri ipoe kabla ya kufungua tangi. Ukitaka kuijaribu, ijaribu nje. Ndani ya stoo hewa ya sumu itokayo kwenye ekzosi haina harufu ya kukuonya, na inaua.

Inakwenda vizuri dakika kumi au ishirini, inazimika, ikipoa inawaka tena. Kwa nini?

Hili ndilo linalowachosha watu zaidi, kwa sababu mashine ikifika kwa fundi inakuwa imepoa na inafanya kazi safi kabisa. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Mafuta yakipungua, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu kikizibwa na vumbi na majani, ombwe linajengeka ndani ya tangi hadi mafuta yanagoma kushuka, na injini inakufa polepole. Ukiiacha, hewa inajipenyeza taratibu, mafuta yanashuka tena, nawe unadhani dawa ilikuwa kupoa. Ikizimika tena, legeza kifuniko mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka bila kusubiri, umempata mwizi. Osha kifuniko, na kama hakizibuki weka kingine. Usifanye kazi kifuniko kikiwa kimelegea, maana mashine inatikisika na petroli itamwagikia ekzosi ya moto.

Ya pili ni koili. Nyuzi zilizo ndani ya koili hutanuka kwa joto, na ile iliyokatika kidogo huachana ikipata moto kisha hugusana ikipoa. Kuthibitisha, pima cheche palepale ilipozimika, bado ya moto. Hakuna cheche sasa, ipo baada ya kupoa: koili imekwisha. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu, chomoa kwenye koili ule waya mwembamba wa kuzimia, kisha upime tena. Mara nyingi waya huo umechubuka na unagusa bodi mashine inapotikisika. Kumbuka tu kwamba ukiwa umechomolewa injini haitazimika kwa swichi wala kwa mpini wa usalama. Ni kwa kupima, si kwa kufanyia kazi.

Ya tatu ni valvu, milango midogo ya silinda inayoingiza mchanganyiko na kutoa moshi. Valvu zinavyojikalisha miaka ikienda, nafasi kati ya valvu na kisukumio chake hupungua. Chuma kikipata moto hurefuka, nafasi inakwisha, valvu haifungi sawasawa na mgandamizo unapotea. Dalili yake ni kamba ya kuwashia kuwa laini isivyo kawaida injini ikiwa ya moto. Kwa injini nyingi za aina hii nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.10 na 0.20, ikipimwa injini ikiwa baridi. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha mashine, na ndicho cha kufuata.

Nikifungua choki tu, inazimika. Ikiwa imefungwa nusu, inakwenda. Niiache hivyo hivyo?

Hapana. Choki iliyofungwa inaficha ugonjwa. Kabureta ina vitundu vyembamba sana vya kupitishia petroli, vinaitwa jeti, na petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando wa gundi ndani yake. Mafuta yanayopita ni kidogo, hewa ni ileile, mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi. Ukifunga choki unapunguza hewa, basi uwiano unarudi kwa kubahatisha.

Dawa ni kusafisha kabureta. Lakini kabla ya kuifungua, hakikisha mafuta yanaifikia. Chomoa mpira wa petroli upande wa kabureta na uelekeze kwenye chombo. Petroli inayoshuka kwa uzito wake inapaswa kutoka mfululizo. Ikianza kwa nguvu kisha ikageuka matone, legeza kifuniko cha tangi. Ikirudi kutoka, kosa ni la kifuniko. Isiporudi, kuna filta ya petroli iliyoziba, au mpira uliooza kwa ndani na kujifunga.

Mafuta yakifika vizuri na bado inazimika, kagua pia gasketi kati ya kabureta na silinda. Boliti zikilegea kwa mtikisiko, hewa inaingilia pembeni na dalili zinakuwa zilezile. Kaza kwanza. Ni kazi ya dakika moja.

Kabureta inasafishwaje bila kuiharibu?

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, hasa springi na vijiti vinavyounganisha kabureta na gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini. Springi ikirudishwa kwenye tundu lisilo lake, injini inaweza kukimbia kupita kiasi.

Funga koki ya mafuta, au bana mpira. Weka chombo chini. Fungua boliti iliyo chini ya bakuli la kabureta na ushushe bakuli taratibu, maana kilichomo ndani ni ushahidi. Matone yanayoviringika chini bila kuchanganyika na petroli ni maji. Unga wa kahawia ni kutu ya tangi. Kilicho kama varnishi ni petroli iliyochacha. Ukiona kutu, usafi wa kabureta hautadumu mpaka tangi nalo lisafishwe.

Sasa tafuta jeti. Kwa baadhi ya kabureta, boliti uliyoifungua ndiyo jeti yenyewe, ina vitundu kama vya pini ubavuni na kichwani. Nyingine zina jeti ya shaba iliyofungwa katikati, juu ya bakuli, na nyuma yake kuna kibomba chembamba chenye matundu mengi ubavuni, chote kitoe. Inua jeti kwenye mwanga. Lazima uone duara kamili la mwanga, siyo nusu. Puliza dawa ya kusafishia kabureta, ukiwa umevaa miwani, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliotoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma wala keekee. Shaba ya jeti ni laini, na kitundu kikitanuka hata kidogo injini itakunywa mafuta kupita kiasi.

Usisahau jeti ndogo ya mwendo wa kutulia. Hiyo ndiyo huziba mwanzo, kwa kuwa ni nyembamba zaidi, na ndiyo watu huiacha. Injini inayokwenda vizuri ikipigwa resi lakini inazimika ikiachwa itulie inakuelekeza hapo.

Kabla ya kufunga, tikisa boya, kile kinachoelea ndani ya bakuli, karibu na sikio. Likiwa na mafuta ndani limetoboka, halitaelea, na kabureta itafurika. Tazama ncha ya sindano inayosukumwa na boya. Ikiwa na mkato wa duara, imekwisha. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Kabureta iliyofurika usiku kucha huweza kuingiza petroli kwenye oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, imekuwa nyepesi na inanuka petroli, imwage uweke mpya kabla ya kuwasha.

Mlio unapanda na kushuka wenyewe, kisha inazimika. Gavana imeharibika?

Kwa kawaida gavana ni nzima na inajitahidi. Mafuta yakipungua mwendo unashuka, gavana inafungua njia zaidi, injini inapanda, gavana inafunga, na mzunguko unajirudia. Ni dalili ya mafuta kidogo, yaani jeti iliyoziba au hewa inayoingilia kwenye gasketi. Rudi kwenye majibu mawili yaliyotangulia. Tafadhali usivute wala kukunja springi ya gavana ili kunyamazisha mlio huo. Injini nyingi za mashine za nyasi zimewekewa kikomo cha mizunguko isiyozidi 3,600 kwa dakika, na zaidi ya hapo kisu na mkono wa pistoni viko hatarini.

Petroli iliyobaki tangu msimu uliopita inafaa?

Mimi nisingeiweka kwenye injini. Petroli isiyotiwa dawa ya kuihifadhi huanza kupoteza ubora ndani ya mwezi mmoja hivi. Sehemu zake nyepesi, zinazowaka kwa urahisi, ndizo zinazoruka kwanza.

Yenye ethanoli ina shida ya ziada, kwa sababu ethanoli hunyonya unyevu wa hewa. Maji yakizidi kiasi, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi, na chini ya tangi ndipo mafuta yanapochukuliwa. Injini inaanza na petroli iliyomo kwenye kabureta, ikiisha inavuta maji, inakufa. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inakubalika kwa injini nyingi ndogo. Asilimia 15 usiitumie isipokuwa kitabu cha mashine kimeruhusu waziwazi.

Mwaga ya zamani kwenye chombo kinachofungwa na uipeleke inakopokelewa, isiwe kwenye mtaro wala ardhini.

Plagi inaweza kuniambia nini?

Mengi, ukiitoa mara tu injini ilipozimika. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi: mafuta yamezidi hewa, anzia filta. Nyeupe kabisa: mafuta hayatoshi na injini inapata moto kupita kiasi. Iliyolowa petroli: mafuta yanafika, cheche haipo au ni dhaifu, au umevuta choki mno. Nyeusi yenye oili: oili inapanda kwenye silinda.

Pengo la plagi kwa injini nyingi za mipigo minne ni milimita 0.7 hadi 0.8. Kupima cheche, irudishe plagi kwenye waya wake, laza mwili wake wa chuma kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, ishike kwa koleo lenye mpira, futa petroli iliyomwagika, kisha vuta kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na inaonekana bila kutafutwa. Ya njano na nyembamba haitoshi.

Inazimika nikiingia kwenye majani marefu tu.

Huenda injini haina kosa. Pandisha magurudumu ukate kwa awamu mbili, nusu upana wa kisu, majani yakiwa makavu. Geuza mashine (waya wa plagi umechomolewa) ukwangue majani yaliyoganda chini ya deki, kisha unoe kisu. Kisu butu hupigana na majani badala ya kuyakata, na injini ndiyo inayolipa.

Ikizimika hata kwenye majani ya kawaida, tazama filta ya hewa. Ya karatasi igonge taratibu kutoa vumbi, na ikiwa nyeusi au ina oili badilisha; usiioshe. Ya sponji huoshwa kwa maji na sabuni, ikaushwe kabisa, itiwe oili kidogo, ikamuliwe.

Inazimika kwenye mteremko au ninapogeuza kona.

Pima oili kwanza. Baadhi ya injini, hasa za jenereta, pampu na pawatila, zina kihisio kinachokata cheche oili ikipungua, na zikiinama oili hukimbilia upande mmoja kihisio kikadhani imeisha. Usikichomoe ili kazi iendelee; ongeza oili hadi alamani. Petroli ikiwa kidogo nayo hukimbia mbali na tundu la kutokea. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, chunguza waya wa kuzimia, na pia kebo ya mpini wa usalama. Kebo iliyorefuka huachia breki nusu, na ukilegeza mkono kidogo tu wakati wa kugeuza, injini inakatwa.

Niliilaza upande kusafisha chini, sasa inatoa moshi mweupe na kuzimika.

Iliinamishiwa upande usiofaa, oili ikaingia kwenye kabureta, filta na silinda. Mashine nyingi za kusukuma huinamishwa plagi ikitazama juu. Ikibidi kuilaza ubavuni, upande wa filta ya hewa ndio ubaki juu. Toa plagi, vuta kamba mara kadhaa ili oili itoke, safisha plagi, badilisha filta ya karatasi, pima oili. Ikiwaka itatoa moshi kwa dakika chache kisha itatakata. Kama kamba imegoma kabisa kuvutika kabla hujatoa plagi, usilazimishe: oili imejaa juu ya pistoni, na chuma kinaweza kupinda.

Kisu kiligonga jiwe, tangu hapo haitulii.

Hapa usipoteze muda na kabureta. Flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, limeshikwa kwenye shafti na kipande kidogo cha chuma laini kilichotengenezwa kikatike kabla ya shafti kuumia. Kikikatika nusu, flaiwili inahama kidogo na cheche inakuja wakati usio wake. Injini inapiga teke kwenye kamba, inalipuka kwenye kabureta au ekzosi, inazimika. Kipande hicho ni rahisi kubadilisha, ila nati ya flaiwili inahitaji kukazwa kwa kipimo. Angalia kisu pia. Kisu kilicholegea nacho huzimisha injini, kwa kuwa flaiwili nyepesi za mashine hizi hutegemea uzito wa kisu kuendeleza mzunguko. Mtikisiko mpya baada ya kugonga unaweza kumaanisha shafti imepinda, na hiyo haifai kutumika tena hata kwa kumalizia uwanja.

Mashine ya kufyekea ya begani ina sababu zake?

Ina zake, na haisamehe makosa kirahisi. Injini ya mipigo miwili hupata oili kutoka kwenye petroli yenyewe, kwa hiyo ikikosa mafuta inakosa na ulainisho, na pistoni inaweza kukwaruzika. Usiendelee kuiendesha ikiwa inakohoa. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Wa 25 kwa 1 ni mililita 40. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine yako, na utikise chombo kabla ya kumimina.

Ikizimika kila ukipiga resi, vua filta iliyo mwisho wa mpira ndani ya tangi. Kisha tazama mpira wenyewe pale unapoingia tangini. Hupasuka na kuvuta hewa. Kipira cha kupampu kisichojaa mafuta kinasema habari hiyohiyo. Kabureta za mashine hizi hazina boya. Zina daiframu, kiwambo chembamba ambacho kikikauka na kuwa kigumu hakipampu tena, nacho huuzwa pamoja na gasketi zake. Mwisho, fungua ekzosi utafute wavu mdogo wa kuzuia cheche. Ukizibwa na masizi, injini haipumui, na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayosaidia.

Nikizungusha skrubu za kabureta je?

Hizo ziwe za mwisho. Skrubu hazihami zenyewe kiasi cha kuleta shida iliyoanza jana. Uchafu ndio unaoanza jana. Ukilazimika, kaza taratibu mpaka igote ukihesabu mizunguko, andika namba hiyo, uirudishe palepale. Usiigoteshe kwa nguvu, ncha yake inaharibika.

Ni wakati gani nimpelekee fundi?

Kamba ikiwa laini injini ikiwa baridi na plagi ikiwa imefungwa: mgandamizo hakuna, na inaweza kuwa valvu, ringi au gasketi ya kichwa. Vilevile shafti iliyopinda, na petroli inayovuja usikoona inakotoka. Mweleze ilivyokufa, polepole au ghafla, ya moto au baridi, na choki ilifanya nini ulipoivuta. Mwombe aiendeshe mpaka ipate moto kabla ya kukuambia ni nzima.